Mteja Aliyekuja Kujificha

Niseme mapema kwamba katika habari hii ya Amony mimi ndiye nitakayeonekana vibaya, na ni haki yangu. Naitwa Safinah. Watu wa mtaa wetu wa Bukoto wananiita Mama Abdu. Nina kibanda cha simu chini ya ghorofa moja karibu na soko: simu zilizotumika, chaja, makava, vitu ninavyofuata kwa wauzaji wa jumla wa Kikuubo kila Jumatatu. Wenzangu wanauza hivyohivyo. Mimi nina la zaidi, nawafundisha watu kujificha mtandaoni. Nilisoma kozi fupi chuoni Kyambogo, nikatoka na cheti na mdomo mkubwa.

Amony alikuwa mke wa askari polisi. Kwao ni Kitgum, kaskazini. Utoto wake ulipita katika kambi ya watu waliokimbia vita, na alipoolewa na Tarcisio akahamia kambi nyingine, ya polisi, hapa Kampala. Alikuwa akisema huku anacheka kwamba hajawahi kulala mahali pasipoitwa kambi. Chumba chao kilikuwa kimoja, pazia katikati, watoto watatu nyuma ya pazia. Alisaga simsim, ule ufuta wa kwao, na kuuza kwa majirani. Hakuwa mtu wa maneno, lakini mvua ikitishia alikuanulia nguo zako bila kuitwa, akazikunja na kukuwekea mlangoni.

Sasa huyu mnyamavu ndiye aliyekuwa akiandika ule ukurasa wa mtandaoni wa kulalamikia hali ya kambi. Sote tuliusoma. Choo cha safu yao ya vyumba kilikuwa kimeziba miezi minane, maji machafu yanapita kwenye milango, watoto wanaharisha, na kila barua iliyopelekwa ofisini ililala hukohuko. Mtu mmoja akaanza kupiga picha na kuziweka mtandaoni bila jina, na maneno machache ya kuchoma chini yake. Wiki ya tatu gari la kunyonya maji taka likaja. Wanawake walipiga vigelegele na hawakujua wanampigia nani.

Siku aliyoniambia, nusura nidondoshe bisibisi.

"Mama Abdu, ile page ni yangu," alisema, macho kwenye chaja zangu. "Bado kuna mambo ya maji na ile nyumba nazo bovu. Nataka niendelee, lakini mtu yoyote asijue ni mimi. Wakijua, Tarcisio watamtupa mbali."

Sikuhitaji kuelezwa. Mimi ni Mnubi, kabila la askari tangu zamani, baba yangu askari, babu yangu askari, nimezaliwa kambini. Sheria ile haijaandikwa popote lakini kila mtoto wa kambi anaijua: mke wa askari akifungua mdomo, mume ndiye anayefungasha. Na chumba ni cha kazi, kwa hiyo mume akihamishwa, mke na watoto hawana paa. Amony aliweka yote hayo juu ya meza yangu kwa sababu na mimi ni mtoto wa kambi.

"Kale, sawa," nikamwambia. "Umefika kwenyewe."

Mungu anisamehe, nilifurahi. Wateja wangu wengi hutaka kuficha vijimeseji vya mapenzi, na hapa nimepata kazi ya maana. Nilimkalisha asubuhi nzima. Nilimchagulia simu ya pili, iliyotumika lakini bado inapokea masasisho, nikaifuta yote na kuanza upya. Laini zote za nyumbani kwao zilisajiliwa kwa kitambulisho cha Tarcisio, kwa hiyo nikamkataza kuweka laini yoyote ndani yake. Ukurasa tukauhamishia kwenye barua pepe mpya, na namba za siri za kuingilia zikawa zinatoka kwenye programu ndani ya simu, si kwa ujumbe unaopita kwenye laini ya mume. Nikazima ile tabia ya kamera ya kuandika picha ilipigwa wapi. Nikambandikia kwenye kioo protekta ambayo jirani akichungulia kutoka pembeni anaona giza tu.

Tulipofika kwenye VPN, ile programu ya kuficha unakopita mtandaoni, akaniuliza kwa nini asichukue ya bure, Kampala nzima wanatumia ya bure.

"Nani anakubebea mzigo bure, wewe?" nikamwambia. "Huyo anataka kuona kilicho ndani. Chukua ya kulipia, hii hapa, haiweki kumbukumbu ya unakopita."

"Bambi, jamani, Mama Abdu, unajua vitu mingi."

Nilivimba kichwa. Alipoinuka kuondoka, nikafanya ninalofanya kwa kila mteja, kama mwenye duka yeyote wa mji huu. Nikamwambia ashike boksi la simu vizuri, nikapiga picha. Akatabasamu. Mtu akielekezewa kamera na mtu anayemwamini hutabasamu. Alipovuka barabara tu, vidole vyangu vikaiweka picha kwenye stetasi ya WhatsApp, na maneno haya chini yake: "Mteja wangu wa nguvu kutoka kambini! Simu safi, protekta ya kuficha, VPN ya kulipia. Ukitaka kujificha mtandaoni, njoo kwa Mama Abdu, Bukoto."

Sikuwa mlevi, sikuwa na homa. Kila mteja akiondoka naweka picha, kama mtu anavyofunga mlango akitoka, na sikumbuki hata kuwaza. Nilikwenda kuswali adhuhuri, nikala, nikauza kava mbili. Saa tisa na nusu nikafungua simu kuona nani ametazama, kwa sababu hiyo nayo ni tabia yangu, kuhesabu macho ya watu. Wametazama sabini na mmoja. Nikashuka na majina, nikimcheka huyu na yule. Nikafika kwa Afande Okwir. Okwir ni karani wa mkuu wa kambi ya kina Amony, na aliwahi kununua chaja kwangu.

Hapo ndipo nilipoiona picha kwa macho yake. Mwanamke wa kambini, na chini yake neno kujificha. Nikafuta haraka, nikijua kabisa kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Kitu kimoja kilinipa moyo, na hata kukisema naona haya: nilikuwa nimeyapitia majina yote sabini na moja, na la Amony halikuwamo. Badala ya kuwaza atapatwa na nini, niliwaza kwamba hajaniona.

Hawakuvunja kitu. Hilo ndilo linaloniuma kama fundi. Namba ya siri haikuguswa, VPN haikuvuja, simu hawakuiomba hata kuitazama. Walimwita Tarcisio ofisini wakamuuliza mke wa konstebo anajificha asionwe na nani. Tarcisio ni mtu asiyejua kusema uongo. Alinyamaza, na kunyamaza kwake kukawatosha. Barua ya uhamisho ilitoka baada ya siku kumi, kituo cha mbali kaskazini-mashariki, na chumba kikatakiwa mwisho wa mwezi.

Amony alikuja kibandani siku mbili kabla ya kuondoka. Alikuwa amevaa gauni la kanisani, na amenibebea mkebe wa simsim. Akaketi kwenye stuli ileile, akatoa ile simu ya pili, akaiweka mbele yangu.

"Mama Abdu," akasema taratibu, "niambie. Kosa yangu ilikuwa wapi?"

Nilikuwa na nafasi. Hakukuwa na mteja mwingine, hakukuwa na haraka. Maneno yenyewe ni machache, hata mtoto angeyasema. Badala yake nikaichukua simu, nikavaa miwani, nikaanza kuikagua kama daktari. Nikafungua mipangilio. Nikauliza kama aliwahi kuingia mtandaoni bila kuwasha VPN. Nikauliza kama labda kuna jirani aliyemwona akipiga picha. Nikasema hata hizi VPN za kulipia siku hizi si za kuamini sana, labda hiyo ndiyo iliyomponza. Aliniangalia muda wote huo, akiitikia kwa kichwa, hakunikatiza hata mara moja.

"Kale," akasema mwishoni. "Asante, umeangalia vizuri."

Akaondoka. Nikala ile simsim, ndiyo, niliila, na ilikuwa tamu.

Miezi mitano nilikaa hivyo. Picha za wateja niliacha kuweka, nikawaambia watu stetasi yangu imeharibika. Jirani yangu Zuleika, ambaye dada yake anaishi kambini kwa kina Amony, alianza kunisalimia kwa mkato, nami nikajifanya sioni. Kisha siku ya Idi, nyumba imejaa watu, mwanangu Abdu akawa anawasifia wageni kwamba mama yake anajua kutunza siri za watu. Nilitoka nikaenda nyuma kwenye kamba za nguo, nikampigia Amony.

Nilisema yote. Picha, maneno niliyoandika, Okwir, hata kwamba nilitafuta jina lake kwenye orodha nikafurahi kulikosa. Nililia vibaya, kamasi na yote. Upande wa pili nilisikia upepo na mbuzi.

"Mama Abdu," alisema nilipomaliza, "hiyo picha mimi niliona siku ileile. Zuleika alinionyesha kwa simu yake. Hata mbele ya barua ya uhamisho kutoka, nilishajua."

Nikafuta uso kwa nguo iliyokuwa kambani.

"Ile siku nilikuja kwako," akaendelea, bila kupandisha neno, "nilikuja useme mwenyewe tu. Nikasema moyoni, akisema, basi yaishe, sisi wote ni watu wa kambi. Wewe ukavaa miwani."

Akaniuliza Idi imekuwaje, kama tumechinja. Nikamjibu tumechinja. Akasema watoto wanamwita, akakata simu.