Bardha Akaingia Ngomeni

Wabulgari wa ngome ya Devoll waliposikia jeshi la Wagiriki linakuja, waliwazoa wanaume wa vijijini wakabebe mawe ya kuta. Tanush walimchukua akiwa tayari anakohoa damu. Mkewe, Bardha, akapanda mlima kwenye theluji hadi ngomeni na kumwangukia mkuu wa askari miguuni.

“Mwachie, bwana mkubwa. Atawafia bure huyo.”

Mkuu akacheka. “Na mawe yake abebe nani, mama yako?”

“Nitabeba mimi.”

Tanush akatolewa, anayumba. Alipoelewa, alimng'ang'ania mkewe.

“Una wazimu wewe? Na mtoto je?”

“Nenda, baba Gjin. Ukibaki utakufa wiki hii. Mimi bado nina nguvu.”

Askari wakawatenganisha, lango likafungwa. Siku chache baadaye Wagiriki waliizingira ngome. Theluji ilipoyeyuka, njaa iliwatoa waliokuwa ndani. Tanush alisimama njiani akichunguza kila uso uliopita. Bardha hakuwamo. Aliita jina lake hadi sauti ikamkauka, na barabara ilikuwa imeshabaki tupu zamani.