Mabula wa Mashua Namba Nne

Kila Jumamosi ya kwanza ya Novemba klabu yetu huwakumbuka wanachama waliofariki, na kazi ya kuandika wasifu wao imeniangukia mimi, Apolonia, mtunza stoo. Hakuna aliyenichagua. Mwaka mmoja mwenyekiti alisoma wasifu wa marehemu akataja watoto wa mtu mwingine, mjane akainuka akatoka nje. Nikasema basi, leteni huku. Tangu siku hiyo marehemu wote ni wangu.

Klabu ni ya mashua za tanga, iko kwenye ghuba ya ziwa, mbele kidogo ya Nkome. Waliianzisha wahandisi wa kizungu waliokuja na mgodi. Walipoondoka walituachia mashua tisa, gati la mbao na madeni ya rangi. Watu wa vijiji vya jirani bado wanapaita Kwa Wazungu, ingawa mzungu wa mwisho aliondoka kabla mwanangu Ignas hajaanza darasa la kwanza, na sasa Ignas ana ndevu. Siku hizi wanachama ni manesi, mafundi, wanunuzi wa dhahabu, na padri mmoja anayeshindana kwa hasira kuliko wote.

Wasifu wangu una mpangilio wake. Alizaliwa wapi, alisoma wapi, alifanya kazi gani, ameacha mjane na watoto wangapi. Mwishoni naandika kwamba alikuwa mcheshi, mpenda watu, asiyependa makuu. Hata yule mnunuzi wa dhahabu aliyetukana wauguzi mpaka anakata roho nilimwandika hivyohivyo, na watu wakaitikia kwa vichwa.

Mwaka huu, mwezi wa kumi, mwanamke mmoja alishuka kwenye bodaboda mbele ya stoo, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, mayu," akaniita mama kwa Kisukuma.

"Marahaba. Karibu, mama."

Akaniambia yeye ni Mama Lusia, mke wa Kalisti Mabula, fundi wa karasha kule Katoro, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Mumewe alikuwa mwanachama wetu miaka kumi na moja. Alifariki mwezi wa sita, kwa kifua.

Nikampa pole, nikamkaribisha kiti, na muda wote huo nilikuwa namtafuta Kalisti Mabula kichwani mwangu. Sikumpata. Nilijaribu mrefu, nikajaribu mfupi, nikajaribu mwenye mwanya. Hakuna. Mimi ambaye najua hadi majina ya mbwa wa wanachama!

"Msibani Kishapu walisoma wasifu wake," akasema. "Eti alikuwa mcheshi, mpenda watu, asiyependa makuu. Mume wangu hakuwa mcheshi, mayu. Angeweza kumaliza wiki na maneno kumi. Kila Jumamosi alikuja hapa, na sijui alikuwa nani hapa. Nataka siku ile unisomee kitu chake yeye. Kimoja tu. Cha watu wote nimeshapewa."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, tunamkumbuka sana. Uongo huo ulinitoka kirahisi.

Mwenyekiti nilipomuuliza alisema, "Mabula yupi?" Padri akasema labda yule mwenye kipara, lakini yule mwenye kipara yupo hai, tena tulimwona juzi. Kwenye picha za mashindano ukutani hakuwepo hata kwa nyuma. Nikaanza kuwaza kwamba mjane amekosea klabu, au marehemu alikuwa anamdanganya na Jumamosi zake alizipeleka kwingine. Nilimkasirikia mtu nisiyemjua.

Halafu nikafungua daftari la kutoa mashua.

Alikuwepo. Jumamosi baada ya Jumamosi, miaka kumi na moja, K. Mabula, mashua namba nne, ametoka saa tatu, amerudi saa nane. Mwandiko ulikuwa wangu. Ina maana kila juma mtu huyu alisimama mbele ya dirisha langu, akanisalimia, nikamwandika, akaondoka, na mimi sijui hata kama alikuwa mweusi au maji ya kunde. Nilichanganyikiwa nikakaa chini. Nilijiuliza kama ninaumwa.

Kuna kingine kilichonichanganya zaidi. Kila mstari niliandika: majaketi okozi mawili, kubwa moja, dogo moja.

Dogo la nani? Jaketi dogo anavaa mwanamke, au mtoto aliyekua kidogo. Mara moja nikaona balaa lote: mwanamke wa Nkome, pengine na mtoto, na mjane wa watu amekaa mstari wa mbele anasubiri kitu cha mume wake. Nilifunga daftari. Nikasema nitaandika mcheshi, mpenda watu, yaishe. Lakini sikuweza kulala sawasawa, maana yule mama alikuwa ameniomba kitu kimoja tu.

Zikiwa zimebaki siku mbili nikamfuata Marwa, anayeshusha mashua majini. Marwa hana maneno ya kuzunguka.

"Namba nne? Namkumbuka. Yule wa kukohoa."

"Alikuwa anatoka na nani?"

"Na nani tena? Peke yake."

"Na jaketi dogo?"

"Analiweka kwenye kiti cha mbele, analifunga na kamba lisipeperuke. Siku moja nikamuuliza, hilo la nini? Akasema ni la Mama Lusia, pengine Jumamosi ijayo atakuja. Nikamwacha. Mambo ya mtu na mke wake."

Nilitoka pale nikiwa mwepesi. Kumbe ndicho hicho! Niliandika usiku huohuo, na kwa mara ya kwanza sikutumia lile neno mcheshi.

Jumamosi tukakusanyika gatini. Mama Lusia alikuja na bintiye, wamevaa vitenge vya sare. Nilisoma kwamba Kalisti Mabula, mzaliwa wa Kishapu ambako maji hutafutwa kwa ndoo, aliingia ziwani kila Jumamosi kwa miaka kumi na moja, na kila mara alimwekea mkewe nafasi na jaketi lake, akiamini safari ijayo atakuja. Padri alivua miwani. Nilijisikia nimefanya kazi safi, nikamtafuta mjane kwa macho, nikitegemea machozi mazuri.

Alikuwa ananiangalia kama mtu aliyeulizwa njia asiyoijua.

Shughuli ilipokwisha alinisogelea.

"Mayu, alisema nitakuja?"

"Ndivyo alivyomwambia Marwa."

"Mimi?"

"Mama Lusia. Alikutaja."

Akamtazama bintiye, akanirudia. "Hakuwahi kuniambia. Hata siku moja. Mimi nilijua huku ni mambo ya wenye kazi zao, mke haji bila kuitwa."

Nilikuwa nimempa zawadi, na sasa sikujua nimempa nini. Nikauliza tu asubuhi za Jumamosi nyumbani zilikuwaje.

"Anaoga," akasema polepole. "Anavaa shati lake la kijani. Halafu anasimama mlangoni. Anakohoa. Anasimama tu pale, ananiangalia nikiosha vyombo."

"Muda mrefu?"

"Muda mrefu, mayu." Akaanza kulikunja na kulikunjua pindo la kitenge. "Nilikuwa namfukuza. Namwambia, nenda basi, utachelewa."