Niling'oa Kigingi cha Chemchemi, Nikamkalisha Mama Chini

Kosa ni langu. Ukitaka kunitukana, nitukane tu.

Mimi ni mchimbaji mdogo wa bati huku Kyerwa. Kazi yetu ni sururu, koleo na karai: unachimba, unabeba mchanga hadi kwenye maji, unauosha mpaka bati linabaki chini, jeusi na zito. Bila maji huna kazi. Siku maofisa wa wilaya walipokuja na gari, wakapanda vigingi vya zege kuizunguka chemchemi yetu na kutangaza kwamba ndani ya mita sitini hakuna kuchimba wala kuosha, nilipandwa na hasira. Hawakuuliza mtu. Kimoja walikichomeka katikati ya migomba ya mama yangu, wakaondoka bila hata kuwaamkia wazee.

Sheria ile niliichukia, na sitadanganya, hata leo siipendi. Aliyeitunga hajawahi kushika sururu.

Mkutano wa kijiji ulipoitishwa, mimi ndiye niliyepayuka kuliko wote. Niliapa kwamba tukichimba, chemchemi haitapungua hata tone. Watu wakapiga makofi. Ndipo mama akasimama.

Mama ni mjane, mtu wa maneno machache. "Wanangu," alisema, "pale sisi hata sufuria yenye masizi hatuitumbukizi. Tunachota kwa kibuyu, polepole. Leo ninyi mtatumbukiza sururu?"

Wazee wakaanza kumwitikia kwa vichwa. Nikaona mkutano unaniponyoka. Nikasema, kijiji kizima kikisikia, "Mama, kaa chini. Hao waliokutuma wamekupa nini?"

Mama yangu mzazi, jamani! Aliyenisomesha kwa kahawa ya shamba lile lile la migomba. Alikaa, na hakuna mwingine aliyethubutu kusimama.

Wiki ile ile tuling'oa vigingi. Kile cha kwenye migomba nilikifanya kiti changu cha kukalia nikiosha mchanga. Nilijiona mwanamume kweli.

Bati lilikuwa linaelekea kwenye chemchemi, nasi tukalifuata. Asubuhi moja sururu ilizama kwenye tope laini, maji yakabubujika ndani ya shimo. Tulishangilia kama wapumbavu, tukidhani tumepata maji ya kuoshea hapo hapo. Kumbe tumekata mkondo. Jioni chemchemi ilikuwa tope, na siku chache baadaye ikakauka kabisa. Shimo nalo likaporomoka, tukakosa bati na maji kwa pamoja.

Wenzangu walihamia mashimo mengine. Mama angehamia wapi, na magoti yale yanayomuuma?

Nikaanza kumpelekea maji kwa pikipiki. Nasema shikamoo, anaitikia marahaba, basi. Maji yangu anawapa mbuzi. Kisha anachukua dumu lake na kuteremka bonde la pili, ambako hata wasichana wenye nguvu wanapumzika mara mbili njiani. Akirudi anakaa mlangoni kwake, anakanda magoti. Nimemwomba radhi, nimempelekea mchungaji, nimelia mbele yake mtu mzima mimi. Anasema amenisamehe. Lakini maji yangu hanywi.

Mwezi uliopita nilikibeba kile kigingi, nikakirudisha mahali pake kwenye migomba, nikakishindilia udongo vizuri. Nilitaka aone. Alitoka jikoni, akakitazama, akaniuliza kwa upole ambao sitausahau, "Sasa hicho kinalinda nini?"



Wachimbaji wenzangu wa Kyerwa na Karagwe, sheria inayowabana ipingeni. Nendeni hadi wilayani mkagombane na hao wanaopanda vigingi bila salamu, nami nitakuwa nanyi. Ila akisimama mtu mkutanoni kuwaambia jambo msilotaka kulisikia, msimkalishe. Mwacheni amalize. Mama yangu hakumaliza, na sasa nikimuuliza siku ile alitaka kuongeza nini, anasema amesahau.