Mafuta Niliyomwaga Kabla ya Kuuza Mota

Kwa miaka saba nilivusha watu kwenye ziwa la Nzilo, upande wa juu wa bwawa, kwa mtumbwi wa mbao wenye mota moja ya nyuma. Nyumbani ni Dilala. Baba zangu walifika Kolwezi kutoka Maniema wakiwa watu wa uchukuzi wa malori, mimi nikauhamishia uchukuzi majini. Nilibeba makala, mihogo, samaki, na vijana wachimbaji waliokuwa wakihama shimo moja kwenda jingine na sururu zao zimefungwa ndani ya magunia.

Mota ya namna hiyo ina kazi moja ndogo ambayo wengi huiacha. Chini kabisa, pale elisi, lile panga linalosukuma mtumbwi, inapozunguka majini, kuna meno ya gia yaliyofungiwa ndani ya chuma, nayo yana mafuta yake, si yale ya injini. Pembeni kuna parafujo mbili, moja chini, moja juu. Unatega beseni, unafungua ya chini, kisha ya juu ili hewa iingie, mafuta yanashuka. Yakiwa na rangi ya asali, au hata yakiwa meusi kwa kuchoka, si neno. Yakiwa meupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Mafuta mapya husukumwa kutoka tundu la chini, polepole, mpaka yachungulie kwenye tundu la juu. Kazi hiyo niliifanya vizuri, na watu pale kivukoni walijua.

Mwaka mmoja, katikati ya mvua, kipande cha wavu wa nailoni kilijizungusha kwenye shafti ya elisi. Nikakikata kwa kisu nikaendelea na safari. Wiki iliyofuata nilipofungua mafuta yalitoka meupe. Nailoni ilikuwa imekata raba inayozuia maji. Nikabadilisha mafuta. Baada ya siku chache yakawa meupe tena, na nilipoyasugua kati ya vidole nilihisi chembe za chuma. Raba ya aina ile haikuwapo Kolwezi. Ilitakiwa kuagizwa Lubumbashi, na kuisubiri.

Ningependa kusema kwamba nyumbani palikuwa na mgonjwa, au watoto wamefukuzwa shule. Hapakuwa na jambo kama hilo. Nilikuwa nimelichoka ziwa, nikitaka pikipiki ya teksi kama wenzangu wa Dilala. Nikatangaza kwamba nauza mtumbwi na mota yake.

Aliyekuja kununua alikuwa mama mmoja wa mtaani kwetu, muuza samaki. Mume wake alikuwa amefukiwa kwenye shimo la kobalti, na sasa alitaka kazi ambayo haimlazimu kuomba mtu. Angeendesha kaka yake mkubwa, yaya kama tunavyosema kwetu, mtu mpole, baba wa watoto wanne.

Asubuhi ya siku waliyoahidi kuja, nilimwaga yale mafuta meupe kwenye majani nyuma ya kibanda, nikasafisha tundu kwa petroli, nikajaza mafuta mapya. Sikuiwasha mota tena.

Mama yule akaikagua kwa macho, kisha akaniambia, "Tata, mi sijue mambo ya moteri. Lakini batu bananiambia kama mafuta ya chini njo inasema ukweli. Munionyeshe."

Nilichukua turnavisi nikalegeza parafujo ya chini. Mafuta yakatoka matone matatu, safi, yakinata kwenye kidole changu. Akayatazama, akamtazama kaka yake. Kaka yake akatikisa kichwa kukubali.

"Iko muzuri, mama," nikasema.

Mota ilidumu siku ishirini hivi. Walikuwa katikati ya ziwa, mzigo wa makala na abiria sita, upepo ukaanza. Walionusurika walisimulia kwamba injini ilinguruma sana lakini mtumbwi haukwenda. Elisi ilikuwa imesimama. Mtumbwi ukageuka ubavu, mawimbi yakaingia. Abiria wote walishikilia madumu na magunia mpaka wavuvi wakawafikia. Kaka yule alikuwa akihangaika na mota upande wa nyuma, naye akazama. Walimwona siku ya pili kwenye matete.

Nilienda kwenye kilio. Nikakaa na wanaume, nikapokea chai, sikuinywa.

Baada ya wiki tatu yule mama alinijia nyumbani na vijana wawili wamebeba mota, iliyokuwa imetolewa majini pamoja na mtumbwi. Vijana wakaondoka. Akakaa kwenye kigoda.

"Tata, mufungue. Mi nataka kujua nini iliua yaya yangu."

Nikatega beseni. Kwanza yalitoka maji matupu, kisha kitu cheupe kizito, kisha jino la gia likaanguka na kulia kwenye beseni.

"Ile siku ilikuwa safi," akasema.

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Mota ilikaa ziwani siku mbili. Nani angeshangaa kukuta maji ndani? Hata leo sijui kwa nini sikuusema.

"Nilibadilisha asubuhi ile, mama. Mbele ya kubadilisha ilikuwa nyeupe."

"Mulijua?"

"Nilijua."

Hakulia, hakunitukana. Aliokota lile jino akalifuta kwa kitenge, akalifunga kwenye pindo. Hatimaye akasema, "Mutengeneze. Kisha munifundishe kuangalia, ile ya kwelikweli."

Niliuza pikipiki niliyoinunua kwa pesa zake, nikanunua sehemu ya chini nyingine. Nikamfundisha kila kitu: beseni, parafujo, rangi, kusugua kwa vidole. Alishika haraka. Siku aliponiona sina la kuongeza alichukua mota yake, na tangu hapo hajaitikia salamu yangu.

Hakumwambia mtu yeyote. Mtaani watu walinisifu kwamba nimemtengenezea mjane mota bila malipo, na imamu akanipa mkono mbele ya wenzangu. Nami nikanyamaza.

Mke wa yule kaka aliyezama hakuweza kukaa Kolwezi na watoto wanne. Akaamua kurudi kwa wazazi wake, Musumba. Asubuhi aliyoondoka nilikuwa kwenye maegesho ya malori, nikamsaidia kupandisha magunia na sufuria, kisha nikawanyanyua watoto mmoja mmoja juu ya mzigo. Yule mdogo alikuwa mwepesi sana.

Mama yao akainama kutoka juu ya lori akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Aksanti, tata," akaniambia. "Mungu akulipe."

Lori likaondoka.