Tembo Aliyejua Palipotulia

Asubuhi hiyo Mkonga aliamka kabla saa haijalia, akajikuta anacheka peke yake kitandani. Mama yake alikuwa anakuja kazini kumwona! Tena si siku yoyote ile, bali siku ambayo yeye, baada ya miaka ya kutembea nyuma nyuma akipunga mkono, alikuwa amepewa kuongoza gwaride la alasiri. Mswaki ulimponyoka ukaingia kwenye ndoo. Chai alitia chumvi, akainywa hivyo hivyo, wala hakujua.

Mkonga si jina alilopewa na wazazi. Ni la kazini, na limemganda. Kazi yake ni kuwa tembo. Ndiyo, kuwa tembo. Katika bustani ya burudani ya mji ule, yenye gurudumu kubwa linaloonekana hata ukiwa stendi, yeye ndiye huvaa lile vazi la kijivu lenye masikio mapana kama mikeka na kichwa kisichopita mlangoni mpaka kiinamishwe. Watoto humkumbatia magoti, wazazi hupiga picha, na humo ndani yeye huchemka kama maharage. Sheria za kazi hazina mjadala: tembo hasemi, na tembo havui kichwa mbele ya wageni. Akiwa na neno, husemewa na mwenzake Filimbi, dada mwembamba mwenye sauti kali anayetembea naye bega kwa bega na kuzisoma ishara za mikono yake. Akipiga tumbo, joto limezidi. Akishika sikio, tuondoke hapa upesi.

Sasa niambie, mtu wa namna hiyo apumzikie wapi? Chumba cha wafanyakazi kiko kule langoni, na kukifikia lazima akatize kundi zima la watoto wanaotaka picha. Ndiyo maana Mkonga alianza kuzisaka pembe za kimya za bustani ile, kama mtu anayetafuta sindano iliyoangukia kwenye zulia. Akagundua kwamba mlango wa kutokea wa nyumba ya mizimu umetulia ajabu, maana wanaotoka humo sauti zimeshawakauka. Akagundua benchi nyuma ya nyumba ya vioo, lenye kivuli tangu saa za adhuhuri. Akagundua pia kwamba ukisimama karibu na mashine ya barafu, mvumo wake unazifunika kelele nyingine zote na unaweza hata kusinzia wima. Lakini kubwa kuliko yote aligundua hili: watu hawaendi mahali pasipouzwa kitu. Ondoa bisi, ondoa aiskrimu, ondoa puto, utabaki na benchi lako na ndege wako.

Tuje kwa mama. Mama yake aliugua kichwa, akalazwa hospitali kwa muda mrefu, na aliporudi nyumbani alirudi na adui mpya, kelele. Redio ya jirani ilitosha kumlaza na kitambaa usoni. Daktari alimwambia atoke, awazoee watu polepole, ila kila akichoka apate mahali palipotulia aketi. Mama hakutoka. Na kusema kweli, hata kabla ya kuugua hakuwahi kukanyaga pale bustanini, kwa sababu alikuwa na lake moyoni. Kazi ya binti yake hakuipenda. Hakuitukana, la, aliizunguka tu. Majirani wakimuuliza, alijibu, "Yuko kwenye mambo ya wageni," halafu haraka haraka akauliza bei ya sukari. Mtu mzima na mkonga! Mkonga alilijua hilo, na lilimuuma. Kwa hiyo alipompigia simu kumwambia habari ya gwaride, alitegemea visingizio. Mama akasema, "Nitakuja. Lakini nikichoka, narudi."

Basi siku ile Mkonga alitaka jambo moja tu duniani, mama amwone akiwa mbele ya gwaride. Amwone kwa macho yake, halafu aseme atakalosema.

Walifika baada ya chakula cha mchana. Mkonga aliwaona kupitia tundu dogo la wavu lililofichwa chini ya pembe: mama katika gauni lake la buluu la kutokea, amemshika mkono kaka mtu. Huyu kaka ni dereva wa gari la mikate, na kwake safari yoyote isiyo na mikate ni kupoteza muda. Mkonga nusura aite "Mama!" Akajiuma ulimi. Badala yake akaruka, akapunga mikono yote miwili, akatikisa kichwa mpaka sikio moja likamfunika uso.

"Ndiye huyo?" mama aliuliza.

"Ndiye," Filimbi alimnong'oneza. "Shikamoo mama! Karibu sana. Leo hajatulia tangu asubuhi, ana kiherehere huyo!"

"Marahaba. Mbona amenenepa hivyo?"

"Ni sponji, mama."

Mama alicheka kidogo, na kile kicheko kidogo kilimwingia Mkonga mpaka kwenye nyayo. Lakini hapo hapo vigari vya kupanda na kushuka vikapita juu ya vichwa vyao, watu wakipiga mayowe kama wanaofukuzwa. Spika za njiani zikaanza wimbo mwingine kabla wa kwanza haujaisha. Puto likapasuka. Mama akafumba macho, akashika paji la uso.

"Haya, twende nyumbani," kaka alisema. "Mimi nilisema. Hapa si mahali pa mtu anayeumwa kichwa."

"Subiri kwanza," mama alijibu, lakini sauti yake ilikuwa imeshapungua nguvu.

Hapo ndipo Mkonga alipofanya kosa ambalo hufanywa na tembo wa aina yake tu. Pa kumpeleka alipajua! Benchi la nyuma ya nyumba ya vioo, kivuli, kimya! Akamshika mama mkono, akatangulia naye mbio mbio, furaha imempanda kichwani. Na katika furaha ile akasahau kitu kimoja, kwamba yeye ni tembo. Siku zote benchi lile hulifikia kwa kunyata, Filimbi akiwa amewavutia watoto upande mwingine kwa porojo. Leo alikatiza njia kuu, mchana kweupe, mkia ukiyumba.

Mama aliketi. Akavuta pumzi ndefu. Akafumbua macho, akaanza hata kutabasamu. Kisha akatokea mtoto mmoja kwenye kona, kisha watatu, kisha darasa zima lililovaa kofia za njano, na mwalimu wao nyuma amekata tamaa.

"Tembo yuko huku! Njooni! Tembo kajificha huku!"

Dakika hiyo hiyo pakawa hapakaliki. Huyu anavuta mkia, yule anapuliza kidude cha plastiki, mwingine amepanda kwenye benchi ubavuni mwa mama ili apigwe picha. Mama akajikunja, mikono masikioni. Mkonga alitamani ardhi ipasuke. Yeye mwenyewe ndiye aliyezileta zile kelele, tena kwa miguu yake!

"Nakwenda kuwasha gari," kaka alisema.

Mkonga akashika sikio. Akalishika tena, kwa nguvu.

"Twende wapi sasa?" Filimbi aliuliza. Mkonga akazungusha viwiko ubavuni, kama magurudumu ya treni. Filimbi akaruka. "Kituo cha zamani! Mama, inuka mama, nakupeleka mahali hata nzi hapiti. Kaka, acha funguo zako, tuandamane."

Treni ya watoto zamani ilikuwa na kituo upande wa nyuma wa bustani. Wenye bustani wakakihamishia karibu na vibanda vya aiskrimu, na kile cha kwanza kikabaki na paa lake, benchi lake refu, na ua wa michongoma ulioota mpaka ukawa ukuta unaomeza sauti. Njia ya kufikia huko iko wazi kwa yeyote. Hakuna anayeifuata, maana hakuna kinachouzwa. Mkonga alikuwa amempa siri hiyo Filimbi peke yake. Sasa ilibidi asiende. Alimtazama mama akiongozwa taratibu upande ule, naye akageuka upande wa pili, akaanza kukata mauno huku mkonga unapiga huku na huku, na kofia zote za njano zikamfuata zikishangilia. Alicheza vizuri sana. Ndani ya kichwa kile alikuwa karibu kulia.

Ulipokaribia wakati wa gwaride alikuwa kwenye chumba cha mavazi, kichwa cha tembo kimewekwa sakafuni, anajipepea kwa kipande cha boksi. Filimbi akaingia anahema.

"Mama yako anastarehe! Amevua viatu. Anasema pale ni kama sebuleni kwake."

"Kweli?" Mkonga alirukia mkono wake. "Amesema hivyo?"

"Amesema. Lakini..."

"Lakini nini? Sema!"

"Kaka yako anasema ngoma zikianza tu anaondoka naye kwa lango la nyuma. Na mama mwenyewe alijaribu, nisikufiche. Aliinuka aje asimame barabarani. Alipofika kwenye ua, wale wa tarumbeta wakaanza kupasha midomo, akarudi akaketi. Amenituma nikwambie kwamba alikuona pale mwanzoni, inatosha."

Pale mwanzoni! Alichokiona mama pale mwanzoni ni sikio lililomfunika uso.

"Haitoshi," Mkonga alisema. "Nivalishe kichwa."

Gwaride likaanza. Na ni gwaride kweli, usilidharau: mbele tembo, nyuma yake ngoma na tarumbeta, halafu wanasarakasi, halafu watu wa mironjo, wanaotembea juu ya miti mirefu, wenye suruali za mistari, na mkiani watoto wote wenye miguu. Kanuni yao hufundishwa siku ya kwanza ya kazi. Macho kwa anayeongoza, na leo ni tembo. Akisimama, simameni, na akigeuka, geukeni. Njia kuu ilijaa pande zote, simu zimeinuliwa, na Mkonga alihisi ngoma zikimpiga mgongoni kupitia sponji. Miaka yote alikuwa ameisubiri nafasi hii, na sasa alikuwa nayo, na mtu aliyemtaka hakuwapo.

Kwenye chemchemi njia hugawanyika. Kulia ni jukwaani, ambako gwaride huishia. Kushoto ni ile njia ya treni ya zamani.

Mkonga akakata kushoto.

"Siyo huko!" Filimbi alipiga kelele. Kisha akaelewa, akaweka mkono mdomoni. "Ah! Basi sawa! Huko huko!"

Ngoma zikakata kushoto. Tarumbeta zikakata kushoto. Redio ya mkononi ya Filimbi ikalipuka kwa sauti ya msimamizi: "Tembo anakwenda wapi? Nauliza, tembo anakwenda wapi?" Filimbi akaizima.

Kabla ya kuufikia ua, Mkonga alisimama, wote wakasimama. Akageuka, akainua mikono miwili juu, akaishusha polepole, polepole, kisha akaweka kidole chake kinene cha sponji pale ambapo mdomo wa tembo ungekuwa. Ngoma zikanyamaza moja baada ya nyingine. Tarumbeta ya mwisho ikatoa mlio wa mbuzi, ikaaibika, ikakoma.

"Shhh!" watoto wakaambizana. Walidhani ni mchezo, na kwa mtoto mchezo wa kunyamaza ni mtamu pale tu asipolazimishwa. Wakaanza kunyata. Wapiga ngoma wakanyata. Wanasarakasi wakatembea kwa mikono, maana nyayo za juu hazina kishindo. Wale wa mironjo ndio waliopata taabu, wakawa wanainua miti yao juu juu kama korongo kwenye tope.

Mama alikuwa ameinuka tayari kuondoka, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi mwa kaka. Akainua macho. Tembo alikuwa anamjia, na nyuma ya tembo umati wa rangi zote, na hapakuwa na sauti ila ya nguo kusuguana.

Akaketi tena. Kaka akaketi pia, kinywa wazi.

Mkonga akacheza. Alicheza ngoma isiyopigwa, kushoto, kulia, mkonga juu, na gwaride zima nyuma yake likafuata, kushoto, kulia, hata mwalimu wa kofia za njano. Jasho na machozi vilimchanganyikia mashavuni na hakuwa na namna ya kuvifuta. Kupitia ule wavu aliuona uso wa mama tu. Ulikuwa umekaza, haucheki, haununi, unatazama. Mkonga hakuweza kuusoma.

Kisha mama akasimama, mguu mmoja peku, na akapiga kigelegele.

Kilikuwa kirefu, kikali, kikapita ua, kikapita paa la kituo. Ndege wakaruka.

"Mama! Kichwa chako!" kaka alisema.

"Niache! Kichwa ni changu!" Akapiga kingine.

Wapiga ngoma wakamtazama tembo wapate ishara, na tembo amesimama tu, mikono imening'inia. Mtoto mmoja wa kofia ya njano akatoka mstarini, akamwendea mama akamvuta gauni.

"Bibi, kwani unamjua tembo?"

Filimbi akauma mdomo. Lango zima la bustani lingeweza kufungwa kwa kosa la kumwambia mtoto nani yuko ndani ya vazi. Mama akamtazama mtoto, akamtazama tembo wa kijivu aliyekuwa mbele yake.

"Nimjue?" alisema kwa sauti iliyowafikia hata watu wa mironjo. "Huyo ni mwanangu. Nimemzaa mimi mwenyewe."

Mtoto akampima mama kwa makini, masikio, kisha pua.

"Mbona wewe huna mkonga?"

"Nilimpa yeye," mama alisema.