Kaburi Nililolijua

Babu wa yule msichana nilimzika mimi. Sikumzika peke yangu, maana tulikuwa wanaume wengi wa mtaa wetu wa Bofu, lakini nilikuwa mmoja wa watatu tulioshuka kaburini kumpokea, na upande wa kichwa ulikuwa wangu. Marehemu hakuwa na mtoto wa kiume. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na waliokuwa tayari kuchafua kanzu zao hawakuwa wengi. Tulimlaza, tukamfukia, tukaweka jiwe kichwani na jingine miguuni, mawe ya kawaida yasiyo na maandishi, safu ya pili kutoka ukuta wa upande wa bahari. Hata leo naweza kulifikia kaburi lile nikiwa nimefumba macho.

Nasema haya mwanzo ili msomaji asije akanitafutia udhuru wa kusahau. Sikusahau.

Kwetu sisi Waislamu wa pwani maziko ni kazi ya wanaume. Wanawake humlilia maiti nyumbani, na jeneza likishavuka kizingiti, yanayofuata hawayaoni. Siku ile mjane alibaki mlangoni, na mjukuu wake, ambaye hata shule alikuwa hajaanza, ameshika upindo wa leso yake. Mama wa mtoto alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Baba yake alikwenda kutafuta kazi, akaipata au hakuipata, sisi hatukupata habari zake tena. Basi nyumba ikabaki na nyanya na mjukuu.

Marehemu kwao kulikuwa kusini, ng'ambo ya mpaka. Aliingia nchini kijana, akakata mkonge, na mashamba ya mkonge yalipokufa akaja Likoni akawa mtunza bustani katika hoteli moja ya Shelly Beach. Alikuwa mweusi wa kung'aa, mpole, na alisema Kiswahili chenye lafudhi ambayo watoto walipenda kuiiga. Mamangu, Mungu amrehemu, aliwaita watu wa aina yake watu wa kuja. Sisi ni watu wa maduka, vitambaa na udi kwa vizazi, na babu zetu nao walikuja, kwa maji. Lakini aliyekuja zamani husahau kwamba alikuja.

Mimi duka lilinishinda, nikawa mwalimu. Nilifundisha historia na serikali katika shule ya upili huko huko Likoni, na yule mjukuu alipofika kidato cha kwanza nikamkuta darasani kwangu, dawati la mbele, na swali mdomoni. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na wanafunzi walilijua hilo, wakaogopa kuniuliza. Yeye aliuliza tu, lakini kwa adabu iliyonimaliza nguvu: "Mwalimu, niwie radhi, sikufahamu."

Siku tuliyofika kwenye somo la haki za binadamu, niliwaeleza kama kitabu kinavyotaka: haki ya elimu, haki ya uraia, na zile nyingine. Akainua mkono. Alitaka kujua kama serikali ndiyo inayompa mtu haki, au mtu anayo tayari na serikali inaitambua tu. Kwa sababu, alisema, kama inapewa, basi mwenye kukupa aweza kukunyima na asiwe amekukosea. Niliweka chaki chini. Nilimwambia kwamba haki ni ya mtu kwa kuwa ni mtu, na haihitaji shahidi. Darasa lote likaandika. Nilijipenda sana siku ile, naungama.

Alifaulu. Alifaulu hasa, akaitwa chuo kikuu kusomea famasia, na mtaa mzima ukaenda kumpa nyanya yake mkono. Nami nilikwenda, nikala tambi, nikapokea sifa ambazo nyingine si zangu. Kilichobaki kilikuwa kitambulisho. Bila kitambulisho hapati mkopo wa masomo, na bila mkopo chuo angekisikia redioni.

Mwenzake wa dawati moja, binti Mkristo ambaye wazazi wake walitoka bara na kuhamia karibu nasi, alipeleka cheti cha kuzaliwa na barua ya chifu, akapiga picha, akarudi nyumbani mapema hata chakula cha mchana hakijaiva. Simlaumu. Hivyo ndivyo inavyotakiwa iwe kwa kila mtu. Lakini huyu mwingine alikuwa na jina la Kiislamu na babu asiyejulikana na vitabu vya serikali, kwa hiyo aliambiwa asubiri kamati.

Kamati ilikuwa ya wazee wa kuhakiki nani ni mwenzetu na nani si mwenzetu. Na katika wazee hao nilikuwamo mimi. Nilikuwa nimestaafu mwaka ule ule, na waliponiita nilijiambia ni heri niwe ndani nitetee watu kuliko kukaa barazani nikilalamika. Maneno matamu. Ukweli ni kwamba nilifurahi kuitwa. Mimi mwenyewe nilipokwenda kuchukua kitambulisho ujanani, karani alitazama nywele zangu na pua yangu akaniambia nirudi kwetu Uarabuni, mahali ambapo sijapata kukanyaga. Nilirudishwa mara tatu. Kukaa upande wa pili wa meza ile kulinipa raha ambayo sikutaka kuichungulia kwa karibu.

Asubuhi ya kikao chake tulianza na kijana mmoja, mtoto wa mwenye duka la vyombo. Naye ana rangi kama yangu, na watu kama sisi hatuachwi bila maswali. Mwenyekiti alipouliza babu yake kazikwa wapi, kijana alibabaika. Nikaingilia kati. "Huyu namjua," nikasema. "Ni wa kwetu." Kaburi la babu yake sijaliona hata siku moja. Mwenyekiti akapiga sahihi. Ndiyo ilivyokuwa kazi yetu: mmoja wetu akisema namjua, faili imekwisha.

Mzee aliyeketi kando yangu akacheka, akanigusa kwa kiwiko. "Mwalimu, leo wawajua watu wote. Na wewe nani akujuaye?"

Ulikuwa mzaha. Wote walicheka, nami nikacheka. Lakini uliniingia.

Kisha akaitwa yeye. Aliingia na buibui lililopigwa pasi, bahasha imebanwa kifuani, akatuamkia mmoja mmoja. Shikamoo yangu aliitoa kama anavyoitoa siku zote, bila kuongeza wala kupunguza. Mwenyekiti alisoma karatasi, akavua miwani.

"Babuyo alikuwa mtu wa wapi, mwanangu?"

"Alizaliwa kusini, baba. Lakini ameishi hapa maisha yake yote, na amefia hapa Bofu."

"Kaburi lake liwapi?"

Alitazama mezani, akatazama upande wangu, akarudisha macho chini. "Sijui, baba. Sisi wanawake hatuendi maziarani."

Mzee wa kando yangu akaguna. "Aso kaburi hapa, hana kwao hapa." Mwingine akasema msichana kaiva rangi mno kuwa mtu wa pande hizi, akasema hivyo taratibu, kama anayezungumzia ndizi, na hakuna aliyemkemea. Mwenyekiti alikuwa mtu mwema, wallahi simsingizii. Alimwambia kwa upole alete mwanamume wa kwao ambaye anaweza kuonyesha kaburi.

"Sina, baba."

"Basi enda, mwanangu. Urudi kikao chengine, tutazame, inshallah."

Neno moja, namjua, lingetosha. Nilikuwa nimelitumia nusu saa kabla yake kwa mtu ambaye sikumjua hata robo ya nilivyomjua yeye. Nilikuwa na soda mkononi na niliendelea kuinywa. Nakumbuka ilikuwa imeshapata joto.

Kwa muda mrefu nilijidanganya kwamba ilikuwa hofu tu. Kweli, hofu ilikuwepo. Ule mzaha ulikuwa bado unanitekenya shingoni, na niliogopa nikisema tena namjua, wataanza kunigeukia mimi, na rangi yangu, na wale babu zangu waliokuja kwa maji. Lakini hofu ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni mbaya zaidi: nilimsemea yule kijana kwa sababu alifanana nami, na nikaona haya kusema mbele ya wazee wenzangu kwamba nimeshuka kaburini kwa ajili ya mtu wa kuja. Nilikuwa nimemsomesha mtoto yule miaka minne kwamba binadamu wote ni sawa. Kumbe somo halikufika hata kwa mwalimu.

Kikao kingine kiliahirishwa, na kile kilichofuata nacho kikaahirishwa. Tarehe ya mkopo ikapita. Nafasi ya chuo ikapita. Mimi nilijitoa kwenye kamati kwa kisingizio cha presha, na kweli presha ikanipata, kana kwamba mwili ulitaka kunisitiria uongo. Kitambulisho chake alikipata baada ya miaka miwili, mbele ya wazee wengine ambao hawakumuuliza habari ya kaburi kabisa.

Sasa anauza katika duka la dawa, si mbali na kivuko. Anapanga maboksi, anasoma maandishi ya madaktari, anawaeleza wagonjwa wameze lini na wasichanganye na nini, kisha anamwita mwenye cheti cha famasia atie sahihi. Mwenye cheti ni kijana mdogo kuliko yeye, na mara nyingi kijana ndiye anayemuuliza yeye. Dawa zangu za presha nazinunua pale. Ningeweza kwenda kwingine. Likoni haikosi maduka ya dawa. Lakini kila mwezi miguu yangu hunipeleka pale pale, na yeye hunipokea kwa shikamoo ile ile, akaniuliza hali ya miguu kuvimba.

Usiku nalala vizuri, sitaki kusema uongo. Yeye hunijia mchana, katikati ya mambo. Niko kwa kinyozi, au nasubiri mkate, na mara nasikia swali likiulizwa chumbani na nafasi ya kulijibu ikiwa wazi mbele yangu, na mimi sisemi. Nafasi ile haijafungwa. Naingia ndani yake kila mara na kila mara nanyamaza tena. Kuna siku nilijikuta nimesema kwa sauti kwenye foleni ya benki, "Safu ya pili kutoka ukutani," na mama mmoja akanigeukia akidhani namuelekeza yeye.

Mwaka huu, baada ya Idi, nilikwenda dukani mchana ambao hapakuwa na watu. Nilikuwa nimeshaamua. Nilimwambia: mwanangu, kaburi la babu yako nalijua. Siku ile nililijua. Nikamwambia nilikuwa mmoja wa waliomshusha, na kwamba nikitaka naweza kumpeleka hata sasa hivi.

Aliendelea kuhesabu vidonge vyangu kwa kijiti hadi akamaliza, akavitia kwenye bahasha.

"Najua, mwalimu," akasema. "Nyanya aliniambia asubuhi ile kabla sijatoka. Aliniambia, mwalimu yumo, usiogope, yeye ndiye aliyempokea babu yako kichwani."

Nikamuuliza, kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ni yangu, kwa nini basi hakusema. Kwa nini hakuwaambia, muulizeni huyo hapo.

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kama vile nimemuuliza kwa nini hakunipiga kofi. "Mwalimu, ningekutajaje mbele ya watu wazima wenzako? Si adabu. Nilisema sijui nikakuachia wewe."

Nyanya yake tulimzika mwaka juzi. Nilikuwepo, ingawa sikushuka. Mpaka mwisho wake bibi yule alikuwa akiniombea dua kila tulipopishana njiani, kwa sauti, na kuwaambia watu kwamba mimi ni mtu wa kutegemewa. Nilidhani amenisamehe. Nikamuuliza msichana nyanya yake alisema nini siku ile aliporudi bila kitu.

Akaandika jina langu juu ya bahasha ya dawa, akanisogezea.

"Aliniuliza mwalimu hakusema neno? Nikamwambia hukuja."