Mwaka Ambao Baba Alishona kwa Mikono Yangu

Juzi nilipita kwa fundi mmoja akitia mafuta cherehani yake, na harufu ile ikanisimamisha barabarani kama mtu aliyeitwa jina. Hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya shati la baba yangu nilipokuwa mdogo, pale Buzuruga, alipokuwa na kibanda cha kushonea si mbali na stendi.

Baba alishona sare za shule. Aliniita "mama", kwa kuwa nilipewa jina la mama yake, na wateja walicheka wakisikia mtu mzima akimwambia mtoto wa miaka kumi, "Shikamoo, mama." Nami niliitikia marahaba bila haya.

Kisha mkasi ukaanza kumponyoka. Mwanzoni tulicheka. Baadaye akawa hawezi kupitisha uzi kwenye tundu la sindano, na nyama ya kiganja chake, pale chini ya kidole gumba, ikabonyea kama godoro kuukuu. Chini ya ngozi misuli ilichezacheza yenyewe. Maneno nayo yakaanza kumlemea mdomoni, mtaani wakasema fundi anakunywa. Wengine wakasema amerogwa. Siku moja Bibi, mama yake, alimtazama mwanawe akihangaika na vifungo vya shati, akatoka nje kulia. Babu alikufa hivyohivyo, mikono ikitangulia.

Basi Baba akaniketisha kwenye kiti chake. "Mama, leo wewe ndiye mikono. Mimi nitasema tu."

Laiti mngejua nilivyomchukia mwaka ule! Wenzangu wakitoka shule walikwenda ziwani kuogelea na kujirusha majini kutoka kwenye mawe, mimi nikakunja pindo. Mshono ukienda upogo alisema, "Fumua." Nikifumua na kushona tena, alisema, "Fumua." Hakuwahi kuwa mkali namna ile.

Jumamosi moja alisinzia, nikatoroka. Niliporudi, nywele zimelowa, nilimkuta sakafuni. Alitaka kuokota kitambaa, miguu ikamwangusha, na mikono haikuweza kumwinua. Sijui alilala pale muda gani. Nilisimama mlangoni nikingoja kukaripiwa.

"Maji yalikuwaje?" akauliza kwa ulimi ule mzito.

"Ya baridi, Baba."

"Na mawe? Bado yanateleza?"

Nikakaa sakafuni karibu naye, nikamsimulia kila kitu, hata wale ndege weusi wanaoanika mabawa juani. Alisikiliza amefumba macho. Ndipo nilipomwita jirani, tukamwinua. Tangu hapo kila Jumamosi aliniambia, "Nenda, uje unisimulie." Sauti yake ilikatika kabla sijamaliza darasa la sita. Mwaka uliofuata tulimzika.

Nilikuwa mtu mzima daktari aliponieleza. Katika ukoo wetu kuna kosa dogo kwenye vinasaba, na mzazi aliye nalo anaweza kumrithisha mtoto, nusu kwa nusu. Kosa hilo huua polepole neva zinazopeleka amri kutoka kwenye ubongo na uti wa mgongo hadi kwenye misuli. Misuli isipopata amri hunyauka. Akili hubaki ikitazama.

Hapo ndipo nilipouelewa ukali wake. Alikuwa amemuuguza baba yake. Alijua kwamba baada ya mikono itakuja miguu, kisha sauti. Alitaka nipate ufundi wote kabla maneno hayajamwishia. Kila "fumua" ilimgharimu pumzi, nami nilinuna.

Mwaka jana nilipimwa damu. Nilipoambiwa kwamba sikurithi kosa lile, nilitoka nje na simu mkononi, nikapitia majina yote. Wote wangefurahi. Lakini niliyemtaka hakuwemo. Nikakaa kwenye ngazi za hospitali nikasema kwa sauti, "Baba, sina," machozi yakanitoka. Mama mmoja aliyekuwa akipita akanishika bega. "Pole, dada," akasema, akidhani nimefiwa siku ile.

"Asante," nikamjibu. Sikumsahihisha.